Sikuitwa kwenye usaili. Niombe tena?

SWALI: Niliomba kazi serikalini kupitia Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa maombi ya kazi serikalini Tanzania, jina langu halikutokea hata kwenye orodha ya walioitwa kwenye usaili. Nafasi ileile imetangazwa upya. Nikiomba tena, si watanikumbuka na kunikata?

JIBU: Omba. Kila tangazo lina mchujo wake, na kukosa mara ya kwanza hakukufungii mlango. Ila usibonyeze tu na kutuma yaleyale.

Aliyeachwa kabla ya usaili huenda ameangushwa na nyaraka, si uwezo. Anza na vyeti: matangazo ya Sekretarieti ya Ajira husema wazi kwamba “provisional results” (matokeo ya muda), “testimonials” (barua za shule au chuo za kumtambulisha mhitimu) na hati za matokeo ya kidato cha nne au cha sita hazipokelewi. Kinachotakiwa ni cheti chenyewe, nakala yake ikiwa na muhuri wa wakili. Kama ulisoma nje ya nchi, pitia kwanza TCU (tume ya vyuo vikuu), NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) au NECTA (baraza la mitihani) kupata uthibitisho wa vyeti. Majina yakitofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa na cha shule, weka hati ya kisheria ya majina (deed poll).

Barua ya maombi nayo husahaulika. Watu hupakia ya zamani, yenye tarehe na kada ya tangazo lililopita, au isiyo na saini. Andika mpya. Usitaje kukataliwa, hakuna aliyekuuliza.

Fungua kila faili baada ya kupakia. Skani yenye ukungu haisomeki, na hakuna atakayekupigia simu kuiomba upya.