Leseni mpya ya Uingereza na barabara za M (motorway, barabara kuu za mwendo kasi): maswali yenu

Nimeendesha Dar miaka kumi. Huku Leicester nami nahesabiwa dereva mpya?

Ndiyo. Miaka 2 ya uangalizi huanza siku uliyofaulu mtihani wa Uingereza. Uzoefu wa nyumbani hauingii hesabuni. Ukifikisha pointi 6 za adhabu ndani ya muda huo, leseni inafutwa na unaanza upya: leseni ya mwanafunzi, mtihani wa nadharia, kisha wa barabarani. Kushika simu ukiendesha ni pointi 6 na faini ya pauni 200, kwa hiyo kosa moja linatosha kukuvua leseni. Simu ikae kwenye mkoba, kiti cha nyuma.

Wapya tuna mwendo wetu?

England, Scotland na Wales, hapana. Gari dogo kwenye barabara za M mwisho maili 70 kwa saa, kama kilomita 112. Bamba la kijani la P, la kuonyesha wewe ni dereva mpya, ni hiari, nasi tunashauri ulibandike.

Kuingia M1 kunanitisha. Nifanyeje?

Kosa baya kuliko yote ni kusimama mwisho wa leni ya kuingilia. Malori yamefungwa vidhibiti mwendo, hutembea kama maili 56. Ukijitosa mbele ya lori na maili 20, dereva wake hana pa kukukwepea. Anza kutazama vioo mapema, washa indiketa ya kulia, kanyaga mafuta mpaka mwendo wako ulingane na wao, chagua nafasi, geuza shingo uone kile ambacho kioo hakionyeshi, ndipo uingie. Walio barabarani ndio wenye haki, usiwalazimishe kufunga breki. Kisha tulia leni ya kushoto. Acha sekunde 2 nyuma ya gari la mbele, mvua ikinyesha 4. Kwa maili 70 unahitaji mita 96 kusimama.

Alama ya X nyekundu juu ya leni?

Leni imefungwa; huenda kuna mtu amekwama mbele. Hama. Ukipita chini yake ni pauni 100 na pointi 3.

Gari likizima, naweka pembetatu kama nyumbani?

Kwenye barabara za M, kamwe! Kuitembeza pembetatu kando ya magari ya maili 70 ndiko kunakoua. Ingia bega la barabara, elekeza magurudumu kushoto, washa hazadi. Wote mshuke milango ya kushoto, mvuke uzio, msimame nyuma yake. Mishale kwenye vigingi vya kila mita 100 inaonyesha iliko simu ya dharura ya rangi ya chungwa. Usijaribu kutengeneza chochote, hata kubadilisha tairi.