Barua kwa mwanangu: anza kunikatalia mimi

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Asalaamu alaykum. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema rafiki yako akinuna wewe hulali, na kila akitaka pesa au akitaka ukae naye hadi usiku wa manane, unakubali. Ukaniuliza: "Mama, nikimkatalia nitabaki na nani?"

Unaukumbuka ule msimu wa karafuu, una miaka saba? Usiku tumekaa uani tunachambua, shangazi zako wamejaa, redio inalia. Wewe uko pembeni ya jamvi, makonyo, vile vijiti vya karafuu, umeyapanga kwa urefu, moja moja. Kelele zilipozidi ukaziba masikio. Nami kwa kuwaonea haya watu nikakushusha mikono. Ukaziba tena, nikaishusha tena. Mara ya tatu ukatulia, ukacheka kama nilivyotaka. Usiku ule ulitapika.

Usonji, huko ubongo wako kupokea sauti na maneno ya watu kwa namna yake, umezaliwa nao, malezi hayauleti. Lakini huku kumridhisha kila mtu mpaka ukaumwa umefunzwa, na aliyeanza kukufunza ni mimi. Nilikujibia dukani, nikakujibia kwa daktari, na mpaka leo sipati usingizi sijajua umekula nini. Nikiyaita mapenzi yote hayo. Mengine ni hofu yangu tu, mwanangu. Unisamehe.

Basi anza kunikatalia mimi. Nikikupigia simu mara nne kwa siku, niambie: "Mama, mara moja, baada ya Isha." Nitaumia kidogo, na nitabaki kuwa mama yako.

Kwa rafiki yako, najua maneno hukukimbia ukibanwa. Yaandike mapema kwenye simu, ukiwa umetulia: "Leo siwezi." Sababu usitoe, maana ukitoa sababu ataanza kuijadili, nawe utachoka ukubali. Akinuna, usikeshe ukifumbua. Sisi watu wa pwani tumezoea mafumbo, hata kanga tunazivaa zitusemee, nawe mafumbo yamekutesa tangu udogo. Mwambie: "Kama nimekukosea, nambie waziwazi." Asiposema, mwache na kununa kwake. Moyo utakwenda mbio, utajiona umetenda dhambi. Hujatenda. Zima taa, kaa peke yako, na ukitaka kujiyumbisha jiyumbishe. Zamani nilikukataza, na nilikosea.

Huenda huyu akaondoka. Sikufichi, utaumia sana, kwa sababu wewe ukimpenda mtu humpenda kwa moyo wote. Lakini uliwahi kuniambia kuna jirani mnakaa barazani saa nzima bila kusema neno, na ukiinuka hakuulizi unakwenda wapi. Mbona kwenye ujumbe wako hukumtaja?

Karafuu zimeanza kukomaa. Ukija, chumba cha nyuma nimekutengea na redio nitaizima. Usipotaka kuja, niandikie neno moja tu: siji.

Mama yako