Muulize Mjomba wa Raketi: Wimbledon ikiisha, wanakwenda wapi?

Shikamoo Mjomba. Mwaka 2025 nilikaa na wanangu kumtazama Oliver Tarvet akicheza na Alcaraz pale Wimbledon. Watoto wakampenda sana. Tangu siku hiyo namtafuta kwenye televisheni, simwoni. Vijana wa Uingereza wa aina yake hupotelea wapi? Na mtu kama mimi, dereva wa teksi, nitawafuatiliaje?
*Msomaji, Leicester*

Marahaba, mpwa wangu. Hawapotei. Wapo kazini wiki nzima, ila kazi yao iko mahali kamera kubwa hazifiki.

Kumbuka Tarvet alifikaje pale. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha San Diego, nafasi ya 733 duniani. Akapita mechi za mchujo, akamfunga Leandro Riedi seti tatu kavu, ndipo akakutana na Alcaraz na kufungwa 6-1, 6-4, 6-4. Miaka tisa kabla yake, 2016, Marcus Willis alikuwa wa 772 na alikuwa anafundisha watu tenisi klabuni. Akashinda mechi moja baada ya nyingine mpaka akasimama na Federer kwenye korti kuu. Watu wanakumbuka siku hizo mbili. Mimi nakuomba uangalie zile wiki nyingine za mwaka.

Tenisi ya kulipwa ni ngazi. Chini kabisa yako mashindano ya Shirikisho la Tenisi la Kimataifa, ITF, yanayoandikwa M15 kwa wanaume na W15 kwa wanawake. Hiyo 15 ni dola elfu 15, zawadi ya mashindano mazima. Namba ikipanda, pesa na pointi navyo hupanda. Kwa wanaume, juu ya hapo kuna mashindano ya daraja la kati yanayoitwa Challenger, halafu ndiyo ATP, ngazi ya juu unayoiona kwenye televisheni. Bingwa wa M15 hupata pointi 15, anayefungwa fainali 8, nusu fainali 4. Ukifungwa raundi ya kwanza, hupati pointi hata moja. Na pointi hizo zina maisha ya wiki 52: ulichovuna Machi mwaka huu, Machi mwakani kinafutwa, na usipovuna tena unashuka. Ndiyo maana wiki moja utawakuta Monastir kule Tunisia, nyingine Antalya, Uturuki, kisha wamerudi Glasgow, Sunderland au Loughborough kwenye korti za ndani, baridi ikiwa nje.

Sasa jinsi ya kufuatilia. Chagua mtu mmoja. Usichague kumi, utachoka mwezi wa kwanza. Mimi nilipoanza, nilikuwa naendesha basi hapa Nottingham, zamu ya alfajiri. Nilinunua daftari la kurasa mia, nikamchagua kijana mmoja niliyemwona akifungwa. Kila Jumatatu naandika nafasi yake mpya, ameingia mashindano gani, na pointi zipi zinamwangukia wiki ile. Hiyo safu ya tatu ndiyo siri. Ukijua kijana analinda pointi za nusu fainali ya mwaka jana, utaelewa kwa nini anacheza akiwa na bandeji gotini.

Majina ya walioomba kuingia hutoka kwenye tovuti ya ITF zaidi ya wiki mbili kabla. Tafuta herufi GBR, ndiyo Uingereza. Aliye chini ya mstari wa waliopata nafasi anasubiri wenzake wajitoe, na kila siku unamwona akisogea hatua moja, mbili. Mimi hufungua orodha hiyo kabla ya chai. Ratiba ya mechi hutoka jioni ya kuamkia siku yenyewe, matokeo unayaona pointi kwa pointi, na mechi nyingi zinarushwa moja kwa moja mtandaoni kwa kamera moja isiyo na mtangazaji. Unasikia viatu vikikwaruza sakafu na mtu akijisemesha.

Lakini wewe uko Leicester, Loughborough ni pua na mdomo. Wapeleke watoto. Mara zote nilizokwenda mashindano hayo madogo sikulipa kiingilio. Beba chai yako kwenye chupa, kaa kwenye benchi, utakuwa mita tatu kutoka kwa mchezaji. Hakuna waokota mipira. Anafungwa gemu, halafu anatembea mwenyewe hadi kwenye pazia kuokota mipira na kumrushia aliyemfunga. Wanao wakiona hilo watajifunza tenisi kuliko kwa kutazama fainali kumi.

Na subira hulipa. Juni 2024 nilikuwa Nottingham kwenye fainali ya Challenger, Waingereza wawili watupu, Jacob Fearnley wa Scotland na Charles Broom. Fearnley alikuwa nje ya 500 bora alipoanza wiki ile. Akatwaa kombe, wiki chache baadaye akamnyang'anya Djokovic seti moja Wimbledon, na Januari 2025 akamfunga Kyrgios kwenye mashindano makubwa ya Australia akiwa tayari ndani ya mia bora. Jina lake nilikuwa nalo kwenye daftari. Nililia, sioni haya kulisema.

Mjomba, mwanangu wa miaka 15 anataka kuacha shule acheze tenisi ya kulipwa. Wanalipwa kiasi gani huko chini?
*Mama wa watoto watatu, Birmingham*

Dada yangu, nitakupa namba ukae nazo mezani na mwanao. Bingwa wa M15, mwanamume aliyeshinda mechi tano wiki hiyo, huondoka na dola 2,160. Aliyefungwa raundi ya kwanza, dola 156, kabla ya kodi. Humo atoe nauli, kulala, chakula na kamba za raketi, na kamba hukatika. Kocha wengi wao hawana.

Billy Harris, aliyekulia Isle of Man, alizunguka Ulaya miaka kadhaa akilala ndani ya gari aina ya Ford Transit alilopewa na baba yake. Alikuwa na miaka 29 alipofika robo fainali ya Queen's, mashindano ya ATP ya London, mwaka 2024. Wengi hawafiki hapo kamwe, nao si wavivu.

Upande wa pili, Wimbledon ya 2025 ilimlipa pauni 66,000 hata aliyefungwa raundi ya kwanza. Kwa kijana wa Uingereza aliye chini, nafasi ya upendeleo wanayopewa wenyeji inaweza kumlipia msimu mzima. Nasikia watu wakiwasema vibaya wanaopewa nafasi hizo. Mimi siwasemi.

Asiache shule. Cameron Norrie, naye mchezaji wa Uingereza, alipitia chuo Marekani, Fearnley vilevile, wote Texas, chuo kikuu cha TCU. Paul Jubb wa Hull, aliyelelewa na bibi yake, alikuwa bingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 2019 akiwa South Carolina. Chuo kinakupa korti, kocha na chakula miaka minne. Mwambie mwanao Mjomba anasema hiyo nayo ni njia ya tenisi, tena kwa sasa ndiyo ninayoiamini zaidi.

Mjomba, mimi nabeti mechi hizi ndogo. Juzi Mwingereza mmoja alinichania mkeka akiwa anaongoza seti na brek, yaani ameshashinda gemu aliyoanzisha mpinzani. Nilimwandikia Instagram nikamwambia ukweli wake. Nilikosea?
*Kijana, Mombasa*

Ulikosea, mwanangu, tena sana. Katie Boulter, mchezaji mkubwa kuliko huyo wako, mwaka 2025 aliionyesha BBC ujumbe anaotumiwa baada ya mechi, ukiwemo wa kumtishia kifo yeye na familia yake. Sasa fikiria huyu aliyelipwa dola 156. Amefungwa, yuko peke yake kwenye chumba cha hoteli ya mji asioujua, anawasha simu akitegemea salamu za mama yake, anakuta yako.

Futa ujumbe ule kama bado unafutika, muombe radhi kwa maneno machache, usisubiri jibu. Na mechi hizo usizibeti. Huyo aliyepoteza uongozi huenda bega lilikuwa linamuuma tangu Jumanne, na wewe uliyekaa Mombasa huwezi kulijua hilo.

Shikamoo Mjomba. Je, tenisi ya ngazi hiyo ni mpaka mtu awe Ulaya?
*Mwanafunzi, Nairobi*

Marahaba. Hapana, iko hapo hapo kwenu. Nairobi imeandaa mashindano ya ITF ya wanawake, Bujumbura ya wanaume, na Kigali tangu 2024 ina Challenger. Angella Okutoyi wenu, aliyetwaa taji la wasichana wawili wawili Wimbledon 2022 pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, anapanda ngazi ileile wanayopanda wasichana wa Uingereza.

Mashindano yakija tena, usingoje fainali. Nenda siku ya kwanza ya mchujo, asubuhi, tafuta korti ya mwisho kabisa isiyo na watu. Ukiona GBR kwenye ubao, kaa hapo, halafu niandikie amechezaje. Nitaliingiza jina lake kwenye daftari.