Chupa za kutwa nzima na maziwa ya safarini: jibu kwa mama wa mtoto wa wiki 6

Mama mwenzangu, hongera kwa mtoto na pole na uchovu. Umeuliza mambo matatu: kama unaweza kukoroga chupa zote za maziwa ya unga ya kopo usiku zitumike kesho yake kutwa, kama ni salama kusafiri na maziwa yaliyokwisha kukorogwa, na kama kuna haja ya maji ya moto ilhali yako uliyachemsha jana ukayafunika vizuri. Nakujibu nikiwa mama wa mapacha waliozaliwa kabla ya wakati, ambao walikua kwa kopo pamoja na kile kidogo kilichotoka kifuani. Sikuulizi kwa nini unatumia kopo, na humu asikuulize mtu.

Naanza na la mwisho, maana ukilielewa hilo, hayo mengine mawili yatakuwa mepesi. Wengi tunajua maji huchemshwa ili kuua vijidudu vya kwenye maji. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine nilielezwa na nesi wa wodi ya watoto njiti, na tangu siku hiyo sijaacha kuirudia kwa kila mzazi ninayekutana naye: unga wenyewe una uwezekano wa kuwa na vijidudu, hata kopo likiwa jipya na halijafunguliwa. Kiwandani hawawezi kuutengeneza ukawa hauna kijidudu hata kimoja. Vinavyoogopwa zaidi ni Salmonella na kingine kiitwacho Cronobacter, ambacho kinaweza kukaa kwenye unga mkavu kwa miezi na kisife. Ugonjwa wake hutokea kwa nadra, lakini ukimpata mtoto mchanga unaweza kuingia kwenye damu au kuleta homa ya uti wa mgongo. Walio hatarini zaidi ni njiti, waliozaliwa na uzito mdogo, wenye kinga dhaifu, na wote walio chini ya miezi 2. Wako yumo.

Ndiyo maana mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2007 unataka unga ukutane na maji yenye joto lisilopungua nyuzi 70 za Selsiasi. Kwa hiyo maji yako ya jana, hata kama ni safi kabisa, yakishapoa hayawezi kuua kilichomo kwenye unga. Ya vuguvugu ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu vijidudu hupenda joto hilohilo analolipenda mtoto na huzaliana upesi.

Nyumbani fanya hivi. Nawa mikono kwa sabuni, futa meza, chemsha maji mapya, kisha yaache yasizidi dakika 30. Muda huo ni kwa birika lenye maji kama lita 1. Maji kidogo hupoa haraka, kwa hiyo ukichemsha kikombe kimoja tu usisubiri hivyo. Mimi nilitumia kipimajoto cha chakula kwenye maji ya birika mpaka nikalijua birika langu, na nakushauri ufanye hivyo ukiweza kukipata.

Maji yatangulie kwenye chupa, unga ufuate. Ukianza na unga kisha ukajaza maji hadi kwenye mstari, unga umeshachukua nafasi na maji yatakuwa pungufu. Tumia kijiko cha kopo hilohilo, kwa sababu vijiko vya makopo tofauti havilingani. Chota bila kushindilia, kisha pitisha mgongo wa kisu safi juu ya kijiko ili kiwe sawa na ukingo wake.

Kwenye vipimo sina mzaha. Ukizidisha unga, figo za mtoto zinabebeshwa mzigo na anaweza kuishiwa maji mwilini. Ukipunguza, anakosa chakula, na maji yakizidi mno sodiamu ya kwenye damu hushuka hadi akapata degedege. Najua wapo wanaopunguza ili kopo lifike mwisho wa mwezi, na sina neno la kuwalaumu. Ninachoomba ni kwamba ukifika hapo, nenda kliniki useme wazi kuwa maziwa yanaisha na hela hakuna. Usilirefushe kopo kwa maji, na usijazie kwa uji wala sukari.

Kupoza: funga chupa, ishike chini ya bomba au iweke kwenye bakuli la maji baridi yasiyofika kwenye mfuniko. Itikise taratibu, ifute nje, kisha dondosha matone ndani ya kifundo cha mkono. Yakihisi moto, bado.

Kuhusu vyombo, fungua ile pete inayoshika chuchu na uichunguze kwa ndani, kwenye mikunjo yake. Maziwa hukauka pale yakawa utando mweupe mwembamba ambao huuoni mpaka uupitishe ukucha. Osha kila kipande peke yake kwa maji ya moto yenye sabuni na brashi ya chupa tu, suuza, ndipo uchemshe vyote vikiwa vimezama bila kubaki na mapovu ya hewa ndani. Kuchemsha hakuondoi utando, kwa hiyo kuosha vizuri ndiyo kazi yenyewe.

Sasa chupa za kutwa nzima. Salama zaidi ni kukoroga kila mtoto anapotaka kula. Kama kweli huna namna, koroga kwa maji ya nyuzi 70 kama kawaida, kila mlo kwenye chupa yake, zipoze haraka na uziweke kwenye friji isiyozidi nyuzi 5, ndani kabisa na siyo mlangoni, zitumike ndani ya saa 24. Friji ikiwa haipoi vizuri au umeme ukikatika mara kwa mara, njia hii haikufai, na hapo siwezi kukulegezea. Kupasha, iweke chupa kwenye maji ya moto kwa dakika zisizozidi 15. Usitumie mikrowevu, maana hupasha sehemu moja ikaunguza na nyingine ikabaki baridi, na mkono wako kwa nje hautagundua.

Maziwa yaliyokaa nje ya friji yana saa 2 tu. Mtoto akishaanza kunyonya, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinataka yamalizike ndani ya saa 1, kwa sababu mate yameshaingia. Kinachobaki kimwagwe. Inauma kumwaga, naelewa, kwa hiyo koroga kidogo kidogo uongeze akihitaji.

Safari ndiko watu wengi hukosea. Unakoroga asubuhi, unaifunga chupa kwa taulo ili isipoe, unampa mtoto mchana. Taulo hilo linayatunza maziwa kwenye joto ambalo vijidudu hustawi. Afadhali uyatenganishe. Maji yaliyochemka yaende kwenye chupa ya chai safi ambayo umeisuuza kwanza kwa maji ya moto, ukaijaza pomoni na kuifunga vizuri. Unga upime mapema kwenye vikopo vikavu vyenye mfuniko, kila kimoja mlo mmoja. Ukifika wakati wa kula, unakoroga na kupoza palepale. Lakini ijaribu chupa yako ya chai nyumbani kwanza: ijaze, iache kwa muda wa safari yako, kisha pima. Chupa kuukuu hushuka chini ya nyuzi 70 mapema sana, na ukiigusa kwa nje hutajua. Beba pia maji baridi kwenye chombo kipana, ya kupozea chupa tu.

Ukilazimika kubeba yaliyokorogwa, yawe yamelala kwenye friji yakapoa kabisa, uyatoe dakika ya mwisho, uyaweke kwenye begi la baridi lenye vipande vya barafu na uyatumie ndani ya saa 2. Kwa safari ndefu isiyo na uhakika wa maji ya moto, maziwa ya maji yaliyokwisha kutayarishwa ndiyo bora, kwa kuwa hayo husafishwa kiwandani yakawa hayana vijidudu kabla ya kufunguliwa. Ni ghali, lakini kwa siku moja ya safari naona yana thamani yake.

Maji ya chupa ya dukani nayo yachemshwe, maana si kwamba hayana kijidudu kabisa. Soma kibandiko pia: sodiamu iwe chini ya miligramu 200 kwa lita, na salfeti isizidi 250.

Atakayebaki na mtoto ukiwa kazini, mwonyeshe kwa mikono, naye akorogee mbele yako. Bandika karatasi kwenye kila chupa yenye saa iliyokorogwa. Mwambie pia kwamba mtoto wa umri huu akifikisha joto la nyuzi 38, au akikataa kunyonya, au akilegea na kulala kupita kawaida yake, ni hospitali saa hiyohiyo, bila kungoja urudi.

Jambo moja silijui kwenye swali lako: kopo lako linasema nini kuhusu joto la maji. Mengine huandika maji ya nyuzi 40 au 50 kwa sababu yamewekewa bakteria wazuri wanaokufa kwa moto, na hilo halipatani na nyuzi 70 nilizokueleza. Kama lako ni hivyo, lipeleke kliniki ukawaulize kama kuna aina nyingine inayomfaa mtoto wa umri wake. Weka hapa yale maelekezo ya ubavuni mwa kopo tuyasome pamoja.