Mguu wa kushoto ndio unaoua klachi

Simama Likoni wakati maji yamekupwa, utazame magari yakitoka kwenye feri. Maji yakipwa, feri inatia pua chini na magari yana kipande kirefu cha kupanda. Foleni ikisimama juu, utawaona madereva wamelizuia gari kwa klachi, nusu wamekanyaga nusu wameachia, injini inanguruma na gari linayumba mbele na nyuma. Baada ya muda kidogo harufu inafika. Ile ni klachi inaungua, na ni pesa ya mtu.

Miaka yote niliyoendesha gari la gia hapa Mombasa imenifunza kwamba klachi haimalizwi na umbali, inamalizwa na kuteleza. Klachi pleti, ile sahani inayopitisha nguvu ya injini kwenda gia boksi, imebanwa kati ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) na presha pleti (sahani ya springi inayoibana). Ukiachia pedali kabisa, vyote vinazunguka pamoja na hakuna kinachosugua kingine. Ukikanyaga mpaka chini, pleti inaachiliwa. Pleti inalika pedali ikiwa pale katikati tu, na ndipo wengi wetu tunapoacha mguu.

Kwa hiyo mlimani, gari likisimama, vuta breki ya mkono, tia nyutro, ondoa mguu. Wakati wa kuondoka tia gia ya kwanza, achia klachi polepole mpaka usikie gari linataka kwenda, ongeza mafuta kidogo, ndipo ushushe breki ya mkono. Kwenye foleni ya Changamwe au Kongowea usikimbilie kila nafasi ya hatua mbili. Ngoja ipatikane nafasi ya kutosha uachie klachi yote. Na ukiwa unaenda, mguu wa kushoto ukae sakafuni. Hata uzito mdogo juu ya pedali unaweza kuifanya rilisi beringi, ile inayosukuma presha pleti iachie, ifanye kazi safari nzima.

Dalili ya kwanza ya kuteleza mara nyingi huja kwenye gia kubwa, gari likiwa na mzigo: unakanyaga mafuta, resi inapanda, mwendo haupandi. Ukitaka uhakika, tafuta mahali tambarare pasipo na mtu mbele, vuta breki ya mkono kwa nguvu, tia gia ya tatu, ongeza mafuta kidogo na uachie klachi taratibu. Injini ikizima, klachi bado inashika. Ikiendelea kuzunguka, inateleza. Jaribu mara moja tu, maana jaribio lenyewe linaiunguza.

Sikiliza pia mlio. Ukitokea unapokanyaga pedali, shuku rilisi beringi. Ukiwapo gari likiwa nyutro na ukipotea unapokanyaga, mara nyingi ni beringi ya gia boksi.

Pedali ikilegea au gia zikikwaruza kuingia, usikubali haraka gia boksi ishushwe. Jirani yangu alishushiwa yake bure, kumbe mpira wa silinda ya chini, ile inayosukuma klachi pale kwenye gia boksi, ulikuwa unavuja. Magari mengi yanasukuma klachi kwa mafuta yaleyale ya breki, nayo hunyonya unyevu, na pwani yetu unyevu haukosekani. Angalia kiwango chake, pitisha kidole juu ya pedali kwenye masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) uone kama kumelowa, kisha ukague silinda ya chini. Mafuta hayo mimi huyabadilisha kila baada ya miaka miwili.

Ikifika siku ya kubadilisha, nunua pleti, presha pleti na rilisi beringi kwa pamoja. Gharama kubwa ni kushusha gia boksi, na ukiokoa kwenye beringi leo, utalipa ufundi huohuo tena beringi ikifa. Uwepo gereji, utazame kwa macho yako. Shika pleti ya zamani: ribiti (vile vipini vya chuma vinavyoshika uso wake) zikiwa karibu sawa na uso huo, imekwisha. Ikiwa imelowa oili, huenda sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini) au sili ya mbele ya gia boksi inavuja, na pleti mpya italoweshwa vilevile msipoibadilisha sili hiyo. Tazama flaiwili. Madoa ya buluu ni alama ya moto, na nyufa ndogo zikionekana, ipelekwe kwa fundi wa mashine aipime kama inafaa kuchongwa au ni ya kutupwa. Linganisha meno ya katikati ya pleti mpya na ya zamani kabla ya kufunga chochote. Lile vumbi jeusi la klachi msilipulize kwa upepo. Pleti za zamani huweza kuwa na asbesto, nayo inadhuru mapafu. Futeni kwa kitambaa kibichi.

Wakati wa kurudisha, gia boksi isiachwe ininginie kwenye pleti hata kidogo. Iegemezwe kwa jeki mpaka boliti zishike, la sivyo pleti inapinda na gari litatetemeka kila unapoondoka. Mfumo wa mafuta ya klachi ukifunguliwa, utolewe hewa. Kisha kilomita mia chache za kwanza endesha kwa upole, bila mzigo mzito na bila kuburuta gari la mtu, uso wa pleti ukae sawa na flaiwili.