Usikate mnyaa kwa ajili ya kutuliza moyo

Dada, weka kisu chini kwanza. Umeandika kwamba kazi ya hoteli hapa Malindi imekuchosha akili, kwamba Jumamosi unataka kuingia vichakani nyuma ya mashamba ukachume mimea ya porini, mingine uipange chupani uichore na mingine uichemshe unywe upate usingizi, na umeuliza uanzie wapi, saa ngapi, na ununue rangi za aina gani. Nimeitazama picha uliyoweka. Vile vijiti vya kijani visivyo na majani, ambavyo umesema umeshavikata na viko chupani juu ya meza ya jikoni, ni mnyaa. Yale maua meupe marefu, yenye matunda ya miiba kando yake, ambayo unataka kuyachemsha, ni mranaha.

Mranaha nitausema kwa ufupi. Una sumu ziitwazo atropini na skopolamini, hukausha kinywa, huzitanua mboni za macho, huupeleka moyo mbio, na aliyeunywa huweweseka hata asiwatambue watu wake. Kiasi cha sumu hutofautiana baina ya mmea na mmea, kwa hiyo hakuna kipimo cha nyumbani kilicho salama. Usiuchemshe.

Mnyaa ndio ulionifanya niandike mara moja. Mimi ni mshonaji wa kofia za vito, kazi ya tundu ndogo ndogo zinazozungushiwa uzi moja baada ya nyingine, na anayeifanya anakula kwa macho yake. Ramadhani moja oda za Idi zilinielemea nikawa silali, nikajiunga na mafunzo ya simuni ya mtu anayejiita mwalimu wa utulivu. Alitufundisha kwamba mmea wa porini haumdhuru anayeuendea kwa moyo safi, kwamba tuchume chochote mkono unapovutwa, tukipasue, tukinuse, kisha tukichore. Hakutuuliza tunaishi wapi, wala hakututajia mmea hata mmoja kwa jina. Fedha zetu alizipokea kwanza.

Nikaenda kwenye ua wa jirani nikakata matawi ya mnyaa, kwa sababu yalikuwa yamepindana vizuri na nilitaka kuyachora. Ukiukata mti ule, utomvu mweupe haungoji kudondoka; unaruka. Uliingia kwenye makali ya kisu, ukashika vidole, ukaanza kukauka ukawa unanata, nami sikuona haja ya kunawa. Jua lilikuwa kali, jasho likanishuka usoni, nikalipangusa kwa mkono ule ule. Mwanzoni niliona ni mwasho tu, nikafikicha, na kufikicha kule ndiko kulikoueneza. Kufikia magharibi macho yalikuwa yamevimba na machozi hayakomi, na hata mwanga wa taa ya chumbani sikuweza kuukabili. Mwenzangu mmoja alishauri tutie maziwa ya mama, mwingine asali. Ashukuriwe shangazi yangu aliyewafukuza wote wawili, akanimwagia maji safi bila kukoma, kisha akanipeleka hospitalini, ambako daktari alitueleza kwamba utomvu huo huiunguza konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, kwamba wapo waliopoteza uwezo wa kuona kwa muda, na kwamba maji mengi mara moja, kwa muda wa robo saa au zaidi, ndiyo yaliyotakiwa tangu dakika ya kwanza.

Macho yalipona, namshukuru Mungu. Oda za Idi ziliharibika zote, wateja wakarudishiwa arubuni, na wengine wao hawakurudi kwangu tena. Nilipomwandikia yule mwalimu, alinijibu kwamba nilikuwa nimeuendea mmea nikiwa na hofu. Jibu hilo linanikasirisha mpaka leo, kwa sababu mzee yeyote wa Kigiriama anayepita njiani angemweleza kwa nini watu hupanda ua wa mnyaa: mbuzi hawauli, ng'ombe hawausukumi, na kipande kikichomekwa ardhini huota chenyewe. Hawa ni watu ambao wazee wao waliijua miti ya sumu ya mishale, na ambao katika kaya zao, yaani misitu yao mitakatifu, zile zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, tawi halikatwi ovyo. Utulivu wa msitu ulifundishwa hapa zamani, na ulianza kwa kuuzuia mkono.

Kwa hiyo shika hili moja: tazama na uchore, mkono ubaki kwenye daftari, mpaka mtu wa mahali pale akutajie mmea kwa jina na akueleze unafanya nini. Ukienda msitu wa Arabuko-Sokoke, chukua mwelekezi hapo Gede. Ukitaka pa karibu na maji, nenda hori ya Mida maji yakiwa yametoka, ukae mbele ya mchu, aina ya mkoko. Mti huo hunywa maji ya chumvi na kuitoa chumvi kupitia majani, kwa hiyo jua likiwa upande wa pili utaziona chembe zikimeta juu ya jani. Chini yake, katikati ya mizizi inayochomoza topeni, kuna kaa wadogo ambao dume lao lina gando moja kubwa kupita kiasi. Ukitikisika, wote wanaingia shimoni. Ukitulia, anatoka mmoja, halafu wa pili, kisha wanaanza kupunga magando, na hapo ndipo uchukue penseli. Mimi huchora gando tu, au jani moja, basi, na pumzi inarudi yenyewe bila mtu kunihesabia. Vidole vikichoka na sindano nyumbani, hulifungua daftari lile nikaongeza mstari mmoja au miwili, nikarudi kwenye kofia.

Sasa vaa mfuko wa plastiki mkononi, utoe ile chupa mezani, uvizike vijiti mbali na kuku na watoto, uoshe kisu na meza kwa sabuni, kisha mikono, na usiguse uso kabla hujamaliza. Fanya hivyo leo, kabla watoto hawajarudi kutoka chuoni.