Kabla hujanunua betri nyingine, pima alteneta kwanza

Gari ikikataa kuwaka asubuhi hapa Kampala kila mtu anageuka fundi. Mtu wa boda anasema betri imekufa, askari wa geti naye anasema betri imekufa, na fundi mwenyewe akifika hata boneti hajafungua anakuuliza kama una pesa ya betri mpya. Saa zingine ni kweli. Lakini betri inaweza kuwa nzima kabisa na shida iko kwa alteneta isiyochaji (ile mashine inayozungushwa na injini na kuichaji betri), au kwa waya iliyooza, au kuna kitu kinanyonya umeme usiku gari ikiwa imelala, na hapo hata ufunge betri ya aina gani itakufa tu kama ile ya kwanza.

Mimi siku hizi mita ya kupima umeme inakaa kwa dashibodi, hizi za dijitali ndogo ambazo mafundi wa umeme wanatembea nazo mfukoni. Bei yake haifiki hata robo ya betri na kazi yenyewe unaifanya nyumbani ukiwa na ndara.

Lakini kuna jambo moja niseme kabla hatujapima chochote. Huu mtindo wa mafundi wetu wa kuchomoa taminali ya betri injini ikiwa inanguruma, ati waone kama gari itazima, mkatalie, hata kama amekuzidi umri na anakuita ssebo, yaani bwana. Kwa magari ya zamani ya kabureta mtu aliweza kupona nayo, lakini hizi Toyota Premio na Wish na Noah tunazoendesha zina kompyuta ndani. Betri ndiyo inatuliza umeme wa alteneta, ukiitoa ghafla volti zinaruka juu vibaya sana, zinaweza kupita 40 kwa kitambo kidogo, halafu dayodi za alteneta zinaungua au kontroli boksi, ile kompyuta yenyewe, inakwenda, na bei ya kontroli boksi kaulize kwa wauza spea wa Kiseka au Ndeeba urudi. Na hata isipoharibu kitu haijakwambia lolote, kwa sababu alteneta dhaifu bado inaweza kushikilia injini isizime ilhali betri haipati kitu.

Haya, mita. Waya nyeusi ingia kwenye tundu la COM, nyekundu kwenye tundu lenye V, swichi weka 20 upande wa volti za DC. Hapo kwa nyekundu angalia mara mbili, kwa sababu ukiiacha kwenye tundu la 10A halafu uguse betri, umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja, cheche zitaruka, na hizi mita za bei rahisi nyingi tundu hilo halina fyuzi kabisa kwa hiyo waya inaweza kuyeyuka ukiwa umeishika.

Pima betri kwanza asubuhi kabla hujawasha, nyekundu kwenye taminali ya chanya na nyeusi kwenye hasi. Ukiona volti 12.6 imejaa, 12.4 iko kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 kushuka chini hiyo ina njaa. Kama gari imetoka safari sasa hivi usiamini namba, washa taa kubwa dakika moja au mbili, zima, subiri kidogo ndio upime. Halafu mwambie mtu akustatie huku wewe unatazama mita: ikiwa betri ilikuwa imejaa na sasa wakati stata inazunguka namba inaanguka chini ya 9.6, basi betri imechoka kweli, au stata yenyewe inakula umeme kupita kiasi.

Sasa alteneta. Gari ikiwa inawaka rudi kwenye taminali zilezile. Magari mengi yanataka 13.8 mpaka 14.5 hivi. Usiishie kwa sailensa tu, yaani injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, washa taa kubwa, feni ya ndani, redio, vyote, kanyaga mafuta kidogo mpaka injini ifike kama mizunguko 1500 kwa dakika, na bado isishuke sana chini ya 13.5. Ukiona 12 na kitu na inazidi kushuka, hakuna kuchaji hapo. Ukiona imepita 15, regulata, ile inayozuia volti zisipande sana, imekufa na inapika betri, utasikia harufu ya mayai mabovu na maji ya betri yatakuwa yanakauka kila saa. (Wenye Honda msishtuke, nyingine zina mpango wa kushusha chaji mpaka 12.5 hivi kama hamna mzigo, washa taa uone kama inapanda.)

Jirani yangu huku Bweyogerere alikuwa ameshauziwa betri mpya na ikakufa tena, na fundi wake anataka kumuuzia alteneta nzima. Tukapima, injini inawaka, 12.3. Feni belti inayozungusha alteneta iko sawa, haitelezi. Alteneta ilipofunguliwa zile brashi za kaboni moja ilikuwa imeisha mpaka imebaki kipande kifupi kama kucha, springi yake haifiki tena kusukuma. Zikabadilishwa brashi peke yake, mita ikasoma 14.2. Betri tukaipeleka ichajiwe nje, na hili watu hawalipendi lakini alteneta haikutengenezwa kufufua betri iliyoisha chaji kabisa, inachemka bure.

Kama namba kwenye betri ni ndogo, kabla hujafungua alteneta pima pia kwenye nati yake nene ya nyuma, nyekundu pale na nyeusi kwa chanya ya betri, injini inawaka na taa ziko on. Ikizidi volti 0.3 hivi, umeme unapotelea njiani, waya au taminali ina kutu. Fanya vilevile upande wa ethi, yaani upande wa hasi, kutoka bodi ya alteneta mpaka hasi ya betri, hapo isipite 0.2. Ule unga mweupe na kijani kwenye taminali maji moto yanautoa, ukiwa umezima gari, na ukifungua anza na hasi.

Basi kama alteneta inachaji vizuri na betri inashika lakini asubuhi gari bado imekufa, kuna mnyonyaji. Mara nyingi ni vitu vilivyofungwa baadaye: alamu, ampifaya ya muziki, traka ya watu wa mkopo. Funga gari, toa ufunguo, halafu hamisha ile nyekundu kwenye 10A na swichi pia, toa waya ya hasi na uweke mita katikati ya waya na betri, subiri kama nusu saa kompyuta zilale ndio usome namba. Usistati gari mita ikiwa hapo. Chini ya 0.05 ampea ni kawaida. Ikizidi sana, chomoa fyuzi mojamoja mpaka namba ianguke, na hiyo fyuzi iliyoiangusha iache nje usiku huo mpaka upate fundi wa umeme wa kufuata hiyo laini.